Nani Alikula Mayai ya Bibi

Kwetu Mkongani kindi ni mnyama asiye na kesi. Nyani ana kesi, tumbili ana kesi, nguruwe mwitu ana kesi kubwa, na ndovu akivuka kutoka Shimba Hills usiku mmoja tu, anatosha kumfanya mzee mzima aketi asubuhi ameshika kichwa mbele ya mahindi yaliyolala chini. Lakini kindi? Kindi anapita juu ya mwembe, mkia mwekundu unamfuata nyuma, watoto wanacheka, basi. Akila embe, ni riziki yake. Akiokota korosho, ni riziki yake pia. Sijapata kusikia baraza likiitishwa kwa sababu ya kindi.

Wengine humwita kidiri, wengine kuchakuro. Huyu wetu ana mgongo wa rangi ya majani makavu, na tumbo na mkia wa rangi ya kutu. Wataalamu wamempa jina la Paraxerus palliatus, na anapatikana katika misitu ya pwani kuanzia Somalia hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Anakula matunda, mbegu na kokwa, na wadudu pia, ingawa hilo la wadudu watu wengi hawalitilii maanani. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini kindi anakula nini, atakujibu bila kufikiri: matunda. Mimi pia ningekujibu hivyo. Na kwa jibu hilo hilo, mwaka 1998, mtoto mmoja alichapwa.

Alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Nilikuwa na miaka 9, yeye 11. Aliletwa kwa bibi kutoka Likoni baada ya zile vurugu za Agosti 1997, wazazi wake walipoona heri mtoto akae shamba mpaka mambo yatulie. Alikuja na maneno ya mjini, na viatu vya raba ambavyo sote tulivitamani. Alikuja pia na sifa mbaya, na hii hakusingiziwa: wiki ya pili alikamatwa na kipande cha sukari guru kutoka kabatini, akaapa hakukigusa huku midomo inang'aa. Tangu siku hiyo, kitu kikipotea, macho ya nyumba nzima yalijua pa kwenda.

Bibi alikuwa na kuku watano. Kuku hao ndio waliokuwa benki yake. Mayai mengine yaliuzwa, mengine yaliachwa yaatamiwe, na vifaranga wakikua ndipo daftari na mafuta ya taa vilipopatikana. Kuku mmoja alitagia ndani ya kapu kuukuu, kwenye pembe ya banda la jikoni. Mayai yakaanza kupungua. Leo moja, kesho kutwa jingine. Siku ya nne tukaona maganda chini ya mwembe, yametobolewa upande mmoja, ndani hamna kitu.

Bibi hakuwa mtu wa kukurupuka. Alituketisha, akaanza kuhesabu wezi wa mayai mmoja mmoja. Nyoka? Nyoka humeza yai zima. Kenge? Kenge naye humeza. Nguchiro? Nguchiro hulirusha yai kwenye jiwe likapasuka vipande vipande. Ila mtoto wa mtu, anayejua kutoboa yai kwa msumari na kulifyonza bichi, ndiye anayeacha ganda la namna hii. Mpaka leo nikiikumbuka hoja ile naona ilikuwa nzuri. Ukiiweka mbele ya wakili atakupa heko.

Binamu akasema, "Bibi, ni kindi. Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa amelikumbatia yai, analitafuna."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Bibi hakucheka.

"Kindi anakula mayai?"

"Wallahi bibi, ni kindi."

Kiapo hicho ndicho kilichommaliza. Kabla ya hapo alikuwa mtoto aliyeiba mayai. Baada ya hapo akawa mtoto aliyeiba mayai na kumtaja Mungu kwa uongo. Alichapwa kwa kosa la kwanza, na kwa lile la pili akalala bila kula. Muhula ulipokwisha alirudishwa Likoni. Sisi watoto tulimpa jina: Kindi. Jina likamfuata. Hivi leo anaendesha bodaboda Ukunda, na wenzake wa stejini humwita Kindi bila hata mmoja kujua lilikotoka.

Miaka 26 ilipita. Desemba 2024, simu mkononi, nikakutana na habari kutoka California. Watafiti wakiongozwa na Jennifer Smith wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Eau Claire, pamoja na Sonja Wild wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walikuwa wakiwafuatilia kindi wa ardhini katika hifadhi moja inayoitwa Briones. Ulikuwa mwaka wa 12 wa kazi hiyo. Kati ya Juni na Julai mwaka huo walirekodi matukio 74 ya kindi na panya wadogo wa porini, na katika asilimia 42 ya matukio hayo kindi alikuwa akimwinda panya. Anajibana chini, anamvizia, anamrukia, anamng'ata shingoni, anamla. Wakubwa kwa wadogo, wa kike kwa wa kiume. Mwaka huo panya walikuwa wamejaa kupita kiasi katika hifadhi ile, na kindi walibadili sahani kulingana na soko.

Ilijulikana tangu zamani kwamba kindi wa aina zipatazo 30 duniani huonja nyama mara mojamoja, na kwamba kindi wa mitini kule Uingereza na Marekani hula mayai na makinda ya ndege. Lililokuwa halijaonekana waziwazi ni uwindaji wenyewe, kindi akifukuza na kuua kwa wingi namna ile. Tena walioleta habari kwa mwalimu wao walikuwa wanafunzi. Walirudi kutoka porini na video. Wild mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni ilikuwa vigumu kuamini alichokiona.

Niliweka simu chini. Nilisikia sauti ya mtoto wa miaka 11 ikiapa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kindi wa California anaishi shimoni, wetu anaishi juu ya miti. Yule alikula panya, wa kwetu alishitakiwa kwa yai. Video ya Briones haithibitishi kwamba binamu yangu alisema kweli. Inachothibitisha ni kitu kidogo zaidi, na kwangu mimi kizito zaidi: kwamba ule mlango tulioufunga kwa kicheko haukuwa na kufuli. Neno "kindi hali vitu hivyo" halikuwa elimu. Lilikuwa mazoea.

Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tulikuwa hatumjui kabisa mnyama tunayemwona kila siku. Kuna kindi wa Marekani ambao, wakijua wanatazamwa na mwenzao, huchimba shimo, hujifanya wanafukia mbegu, hulifunika vizuri, kumbe mbegu bado iko mdomoni. Kindi wa ardhini wa California hutafuna gamba alilovua nyoka, kisha hujiramba manyoya yote mpaka anuke nyoka, ili nyoka mwenyewe asimtambue kwa harufu. Wapo wanaotafuna mifupa kwa ajili ya madini na kunoa meno, maana meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua. Huko Yukon, Kanada, kindi jike ameonekana akimchukua kinda yatima wa ndugu yake na kumlea kama wake. Na katika utafiti uleule wa miaka mingi, kindi dume ameonekana akiua makinda ambayo si yake. Mnyama huyohuyo mmoja.

Sasa mtu ataniuliza: kwa hiyo kindi ni mbaya? Hapana. Hilo ndilo swali tunalokimbilia, nalo ni swali rahisi. Kindi hana amri aliyopewa akaivunja. Anayekula yai hajaiba, kwa sababu hajui yai ni la nani, hajui bibi ana deni la daftari. Tulimpa usafi ambao hakuuomba, kwa sababu ya mkia wake. Nyani tulimpa uchafu, kwa sababu ya sura yake kufanana na yetu. Hizo zote ni hukumu zetu, na wanyama hawazijui. Aliyezijua ni mtoto aliyelala bila kula.

Kwa hiyo swali langu ni la watu. Bibi alikosea wapi?

Nimelizungusha swali hili muda mrefu, kwa sababu nilimpenda bibi na bado nampenda huko aliko. Mtetezi wa kwanza niliyemtafutia alikuwa David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Mwaka 1748 aliandika kwamba ukiletewa habari, pima kwa mizani: upande huu ushahidi wa msemaji, upande ule yale yote uliyoyaona maishani. Akatoa mfano wa mwana wa mfalme wa Kihindi aliyekataa kusadiki habari za maji kuganda kwa baridi. Hume anasema yule mtu alifikiri sawasawa, maana hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kabla yake, John Locke alikuwa amesimulia habari kama hiyo ya mfalme wa Siam: balozi Mholanzi alimwambia kwamba kwao maji huwa magumu hata ndovu akaweza kutembea juu yake, na mfalme akajibu kwamba mpaka hapo alikuwa amemwamini, lakini sasa ana hakika anamdanganya.

Bibi yangu alikuwa mfalme huyo. Zaidi ya miaka 60 akiwatazama kindi, hajaona hata mmoja akigusa yai. Upande wa pili wa mizani, mtoto aliyekwisha kudanganya kuhusu sukari guru. Kwa mizani ya Hume, bibi alishinda kesi.

Ila sisi watu wa pwani tuna kisa chetu cha maji magumu, na hatuhitaji kwenda Siam. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akiishi Rabai, alikuwa safarini kuelekea Uchaga alipoona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake hakuwa na jina la kitu kile; alimwambia tu ni baridi. Rebmann akaelewa: theluji. Alipoandika habari hiyo, London ikamcheka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi hii, alisimama imara katika kitabu chake cha mwaka 1852: theluji karibu na ikweta haiwezekani, macho ya mmisionari yamemdanganya. Ilibidi Baron von der Decken aende huko mwaka 1861 na tena 1862 ndipo ubishi ukaanza kuisha.

Tazama tofauti ya Cooley na yule mfalme. Mfalme wa Siam aliambiwa habari za nchi ambayo asingeweza kuifikia. Angefanya nini? Kutokuamini ndilo lililokuwa karibu naye. Cooley alikuwa na njia ya kusema "sijui, ngoja wengine watazame". Hakuitumia. Aliandika kitabu.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu kuhusu bibi, na halikunipendeza. Kutomwamini mtoto hakukuwa kosa. Shaka ni haki ya kila mtu. Asiye na shaka atauziwa mbuzi ndani ya gunia. Kosa lilikuwa kuruka kutoka "siamini" hadi "umedanganya", na kutoka hapo hadi fimbo, bila kupita mahali pa katikati. Mahali hapo palikuwepo. Palikuwa hatua 20 kutoka jikoni. Kiti kimoja chini ya mwembe, yai moja la kupoteza, asubuhi moja ya kutazama. Mfalme wa Siam hakuwa na mwembe. Sisi tulikuwa nao.

Na mbona hakuna aliyeketi? Hapa lazima niseme lile linaloniuma. Si kwamba habari ilikuwa ya ajabu mno. Mkongani habari za ajabu haziishi. Jirani mmoja mzee alikuja siku zilezile akasema ameona ndovu akifungua mlango wa ghala kwa mkonga, taratibu, kama mtu mwenye ufunguo. Tulimkaribisha kahawa, tukamwomba asimulie tena. Uzito wa habari ulikuwa mmoja. Aliyepungukiwa uzito ni msemaji. Mtoto, mgeni, wa mjini, mwenye doa. Mwanafalsafa Miranda Fricker aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu dhuluma ya namna hii: mtu kudhulumiwa katika nafasi yake ya mjuzi, neno lake kupunguzwa bei kabla halijasikika, kwa sababu tu ya aliye nyuma ya neno. Sisi hatukuhitaji kitabu kuitenda. Tuliitenda kwa kicheko, na mimi nilicheka kwa sauti.

Najua jibu litakalokuja. Mtoto yule alikuwa ameshaongopa. Mwongo akisema kweli, nani wa kulaumiwa? Wazee wana msemo, njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli sifa ya uongo ina gharama, na ni haki iwe nayo. Lakini gharama hiyo iwe kwamba neno lake litahakikiwa zaidi, si kwamba halitahakikiwa kamwe. Mtu aliyedanganya jana ndiye hasa unayepaswa kwenda naye kutazama, kwa sababu neno lake pekee halitoshi. Tukimfungia mlango, tumemwambia kwamba kweli haina faida kwake. Atakayesema kweli kesho atasemea nini?

Kuna pingamizi jingine, na hili ni zito zaidi. Maisha ni mafupi. Hatuwezi kuketi chini ya kila mwembe. Mwalimu ana watoto 60 darasani, chifu ana foleni ya kesi, mama ana chungu motoni. Nakubali. Huwezi kuhakiki kila neno. Ila huhitaji. Unahitaji kuhakiki lile tu ambalo utamwadhibu mtu kwalo. Ukishindwa kupata nafasi ya kutazama, basi huna pia nafasi ya kuchapa. Iache kesi ibaki wazi. Yai limepotea, hatujui nani kala, tuhamishe kapu. Sioni kama nyumba ingeanguka.

Nilikwenda Ukunda kumwona binamu yangu. Nilimkuta stejini, amekaa juu ya pikipiki yake, anangoja abiria. Baada ya salamu nikampa simu, nikamwonyesha video. Aliitazama mara mbili. Kindi anaruka, panya anapinduka, kindi anakula.

"Hawa walikuwa na kamera," akasema, akanirudishia simu.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia nisamehe. Akauliza kwa nini, mimi sikumchapa. Nikasema nilicheka. Akanyamaza kidogo, akapangusa kioo cha pikipiki kwa shati. "Bibi sikumweka moyoni," akasema. "Kuku walikuwa wake. Nyinyi ndio niliwaweka, maana nyinyi tulikuwa tunakwea mwembe ule pamoja. Yeyote kati yenu angeweza kuja kutazama." Halafu abiria akatokea, wa kwenda Diani, akaondoka.

Likizo iliyofuata nilirudi Mkongani. Bibi hayupo, ila mwembe upo, na mjomba bado anafuga kuku. Nilichukua kiti, nikaweka yai ndani ya kapu mahali palepale, nikaketi tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri. Mjomba alidhani nimechanganyikiwa. Kindi alikuja, tena wawili. Walikwea, walishuka, mmoja aliokota korosho na kwenda kuifukia karibu na kibanda. Mara moja alisimama juu ya ukingo wa kapu, akanusa, akaondoka zake. Kesho yake niliketi tena. Hakuna aliyegusa yai.

Kwa hiyo sijaona. Sina video, na pengine sitaipata. Nina neno la mtu mmoja tu, lililosemwa mwaka 1998 na mtoto aliyekuwa ameiba sukari guru, na nililolisikia tena stejini Ukunda, halijabadilika. Mjomba aliniuliza nilikuwa natafuta nini kule chini ya mwembe. Nikamwambia kuna kindi aliyewahi kula mayai ya bibi.

"Nani kakwambia?"

Nikamtajia jina lake, lile alilopewa na wazazi wake.